Regent: zabibu ikinzayo ubwiri, lakini si kila ubaya

Mtu akipanda mzabibu uani kwake Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, kinachomkatisha tamaa mara nyingi ni ukungu. Masika yakiingia, majani hutoka madoa ya manjano yenye kung'aa kama mafuta, na upande wa chini utando mweupe: huo ni ubwiri vinyoya. Aina ya pili, ubwiri unga, haisubiri mvua. Unyevu wa hewa yetu waweza kuutosha.

Ndiyo maana Regent, zabibu nyekundu ya mvinyo, husifiwa sana na wauza miche. Sifa ni ya kweli, ila ina mipaka.

Maradhi yote mawili yametoka Marekani, ambako mizabibu ya porini iliishi nayo hadi ikajijengea kinga. Ile ya Ulaya haikuwa nayo. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, na ubwiri vinyoya Ufaransa mwaka 1878. Kilichowaokoa wakulima na ubwiri vinyoya ni mrututu, yaani chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa, dawa inayopulizwa hadi leo. Lakini shaba yake haiozi, hulimbikana udongoni mwaka baada ya mwaka. Ni heri kinga iwe ndani ya mmea.

Regent ilizalishwa mwaka 1967 katika kituo cha Geilweilerhof, Ujerumani, kwa kuchavusha aina mbili za zabibu, Diana na Chambourcin. Diana ina wazazi wa Ulaya, Silvaner na Müller-Thurgau. Asili ya Marekani imetoka kwa Chambourcin, chotara wa Ufaransa. Ukungu ukipenya jani, seli za hapo hufa upesi, na ubwiri, unaoishi kwa seli hai tu, hukosa chakula. Basi ukiona vidoa vidogo vyeusi, usikimbilie bomba la dawa. Huenda ni kinga inafanya kazi.

Kinga hiyo hailengi kutu ya majani, ambayo hupenda nchi za joto kama yetu. Na hata Ulaya kumeshaonekana ubwiri uliobadilika ukashinda ukinzani wa namna hii, kwa hiyo wakulima wa huko bado hupuliza, ingawa mara chache.

Tena Regent ilizalishwa kwa nchi ambako mzabibu hulala wakati wa baridi. Kwetu haulali, lazima uamshwe kwa kupogoa, kama wafanyavyo Dodoma kwa aina yao ya Makutupora na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ila Dodoma ni kukavu. Hapa pogoa Novemba, mashada yaive kabla ya masika, na uinue kichanja juu upepo upite. Anayetaka zabibu za kula mezani atafute aina nyingine. Hii ina mbegu.

Vipandikizi visiletwe kwa kufichwa sandukuni. Kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, huombwa kabla ya mzigo kuondoka ng'ambo, si ukishafika bandarini.