Dodoso la mtandaoni kwa mfuko mdogo

"Je, ungependa kununua unga wetu?" Madodoso mengi ninayoletewa na wajasiriamali niyakague yana swali la namna hiyo pale juu kabisa. Majibu yake nayajua kabla linki haijasambazwa: karibu wote watasema ndiyo. Mtu hawezi kukuvunja moyo kwa jambo lisilomgharimu hata shilingi, tena linki yenyewe kaipata kwenye grupu la WhatsApp ambalo na wewe umo.

Vifaa havina shida siku hizi. Fomu ya Google ni bure, inajazwa kwenye simu, na majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali. Utalipia bando lako na vocha za kuwashukuru wahojiwa, basi. Kazi iko kwenye maswali, na kwenye kujua unamuuliza nani.

Mteja wangu mmoja ni mama anayesaga unga wa lishe Mbagala. Rasimu yake ya dodoso ilikuwa ndefu hadi kidole kinachoka kuteremsha. Tukaikata, kisha tukaweka mbele swali la kuchuja: "Ndani ya wiki mbili zilizopita, wewe mwenyewe umenunua unga wa uji?" Aliyejibu hapana, fomu ilimpeleka moja kwa moja kwenye asante. Majibu yakapungua na mama hakufurahi, lakini kijana anayekula kwa mama ntilie asubuhi na jioni atatusaidia nini kuhusu unga wa mtoto? Waliobaki tuliwauliza yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho ulinunua wapi, kiasi gani, ulilipa shilingi ngapi, ulikuwa unampikia nani. Ikaonekana wengi wananunua duka la mtaani, nusu kilo au robo, fedha ya siku hiyo. Yeye alikuwa anajiandaa kuchapisha mifuko ya kilo mbili.

Kwenye bei, ukimtajia mtu Sh 4,000 na kumuuliza kama ni sawa, umeshamwekea jibu mdomoni. Mimi hutumia maswali manne ya Peter van Westendorp, mchumi wa Uholanzi aliyeieleza njia hii mwaka 1976. Bei gani ingekuwa ghali mno hata usifikirie kununua? Bei gani ingekuwa rahisi mno hata utilie shaka ubora? Bei gani ungeiona ya juu, ila bado ungenunua? Na ipi ungesema hapa nimepata? Mhojiwa anaandika tarakimu zake mwenyewe. Ukichora grafu ya asilimia ya watu wanaoiona kila bei rahisi mno au ghali mno, pale mstari wa "rahisi mno" unapokatana na wa "ghali mno" ndipo pa kuanzia kufikiria bei yako. Swali la pili wengi hulidharau, nami nalipenda kuliko yote, maana unga ukiwa rahisi kupita kiasi mnunuzi anahisi umechanganywa na pumba. Hata hivyo, grafu hiyo inapima hisia tu. Mauzo utayaona dukani.

Kisha huja swali la idadi. Kama watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu, majibu 100 yana kosa la takriban asilimia 10 kila upande, na ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 5 unahitaji 400. Linki iliyorushwa kwenye magrupu haina bahati nasibu yoyote, kwa hiyo kuongeza wingi hakuiponyi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2 na kumtabiria Alf Landon ushindi wa urais. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati uchumi umeporomoka na simu ni ya mwenye nacho. Hapa kwetu Tanzania, shirika la Twaweza walilijua tatizo hilo: kwa utafiti wao wa Sauti za Wananchi waliteua kaya kwa bahati nasibu, wakawagawia wahojiwa simu na chaja za sola, halafu wakawa wanawapigia.

Wewe huna bajeti hiyo. Mtume binti mmoja akae karibu na duka na fomu ileile kwenye simu yake, awasomee wanunuzi maswali na kuwajazia. Majibu yake yasichanganywe na ya mtandaoni. Yakigongana, kwa bidhaa ya dukani mimi huamini ya dukani.

Vocha nazo zina balaa lake. Ukitangaza kubwa, mtu mmoja atajaza kwa laini tatu, kila mara na umri tofauti. Toa ndogo, na uitaje mwishoni. Namba ya simu ya kurushia salio iombe kwenye fomu nyingine kabisa, isiungane na majibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na ukishatuma vocha huna sababu ya kubaki na namba za watu.