Kushusha pikapu ya zamani: hizo inchi zinatoka wapi?

Ukimkuta mwenye Chevrolet C10 ya zamani iliyokaribia kulamba lami, ukamuuliza ameishusha kiasi gani, atakujibu kwa namba mbili: "nne kwa sita", au "mbili kwa nne", au akiwa mkaidi kidogo, "tano kwa saba". Namba ya kwanza ni inchi zilizopungua mbele, ya pili ni zilizopungua nyuma. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo nne kwa sita ni kama sentimita 10 mbele na 15 nyuma.

Nyuma hupunguzwa zaidi kwa sababu pikapu hutoka kiwandani ikiwa imebenua makalio. Springi za nyuma zimepimwa zibebe mzigo, na mzigo usipokuwepo mkia unabaki juu. Ukishusha sawasawa mbele na nyuma, pikapu itaendelea kuonekana kama inanusa ardhi, ila sasa inanusa kwa karibu zaidi. Tofauti ya inchi mbili hivi ndiyo huilaza bapa. Suburban, gari la familia la Chevrolet ambalo ni ndugu wa pikapu hizo kwa chesisi, tayari lina bodi na viti vinavyokandamiza nyuma, hivyo mara nyingi tofauti inayohitajika ni ndogo.

Hapo watu wengi huishia, kana kwamba kujua namba ni kujua kilichofanyika. Lakini pikapu mbili zinaweza kuwa na nne kwa sita ileile, moja ikatembea kama gari na nyingine ikakutoa meno. Namba haisemi inchi zimetolewa wapi.

Fikiria hivi. Ekseli haishuki. Urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi, na tairi usipoibadilisha ekseli itakaa palepale. Kinachoshuka ni chesisi na bodi, kuelekea ekseli. Nafasi iliyo kati ya viwili hivyo haikuachwa kwa urembo: ndiyo nafasi ambayo springi huitumia gurudumu likiruka tuta au likitoka shimoni. Kwa hiyo ukishusha gari, swali la kwanza ni kama unaila nafasi hiyo, au umepata njia ya kushusha bila kuigusa.

Mbele, njia zote mbili zipo. Ya kula nafasi ni springi fupi. C10 kuanzia mwaka 1963 zina springi za koili mbele (zile za 1960 hadi 1962 zilitumia fito ndefu za chuma zinazojisokota), na koili unaweza kuinunua ikiwa fupi au ukaikata iliyopo. Kukata si dhambi kama wengi wanavyodai, mradi ukumbuke kwamba koili iliyokatwa huwa ngumu zaidi, maana waya uliobaki wa kujipinda ni mfupi. Dhambi ni kuikata kwa moto wa gesi, au mbaya zaidi, kuipasha moto mpaka inywee yenyewe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, na ukikichoma ovyo ugumu huo unapotea mahali usipopaona. Springi ya namna hiyo huendelea kunywea siku hadi siku, au hukatika.

Njia isiyokula nafasi ni kubadilisha spindo. Spindo ni kile chuma kilicho kati ya mikono ya juu na ya chini ya suspensheni, chenye ekseli fupi inayobeba gurudumu. Spindo ya kushushia imetengenezwa na ekseli hiyo fupi ikiwa imehamishwa juu, kwa kawaida inchi mbili au mbili na nusu. Gurudumu linapanda kuelekea bodi, au tuseme bodi inashuka kwenye gurudumu, huku springi ikibaki na urefu wake na mikono ikibaki na pembe zake za kiwandani. Safari ya springi ni ileile. Kilichopungua ni nafasi ya tairi ndani ya tao la bodi tu, na hiyo unaweza kuitazama kwa macho. Kama ningeruhusiwa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mbele, ningenunua spindo, hata kama inchi zake ni chache. Wanaotaka nne huziunganisha: spindo kwa mbili za kwanza, springi fupi kwa mbili zilizobaki.

Si kila pikapu inakubali hesabu hiyo. Ford F-100 kuanzia mwaka 1965 ilikuja na mfumo wa Twin I-Beam, ambamo kila gurudumu la mbele limebebwa na boriti yake ndefu inayobembea kutoka upande wa pili wa chesisi. Ukiishusha kwa springi fupi peke yake, boriti zinabadili pembe na magurudumu yanainamisha vichwa ndani kama mbuzi wanaogombana, na tairi zinalika upande wa ndani. Dawa yake ni boriti zenyewe zilizotengenezwa upya kwa umbo la kushushia.

Nyuma ndiko kwenye utundu. Kuanzia kizazi cha 1973 hadi 1987, Chevrolet hizi zina springi za bamba nyuma, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na ekseli imefungwa chini ya mabamba hayo. Anayetoka kwenye magari ambayo ekseli iko juu ya springi atakuambia uchomeke vipande vya chuma katikati ya springi na ekseli. Kwenye gari lake atakuwa sahihi. Kwenye pikapu hii utakuwa umeinunulia ngazi, itapanda.

Kwa kushusha kidogo, hubadilishwa vishikio vya ncha za springi, cha mbele na cha nyuma. Hapa pana hesabu inayowashangaza wengi: ukisogeza ncha moja ya springi kwa inchi mbili, pale katikati kwenye ekseli unapata kama moja tu. Ndiyo maana vishikio hubadilishwa vya ncha zote mbili.

Kwa inchi tano au sita hakuna njia ya upole. Ekseli inatolewa chini ya mabamba na kufungwa juu yake. Wenyewe huita kugeuza ekseli, ingawa haigeuzwi, inahamishwa tu. Springi ni zilezile za kiwandani na nguvu yake ya kubeba haijapungua hata kilo moja, jambo linalowadanganya watu wakadhani pikapu bado inabeba kama zamani. Nguvu ipo, nafasi haipo. Bomba la ekseli sasa liko karibu na mhimili wa chesisi, na mzigo ukiwekwa litaupiga kama nyundo. Ndipo chesisi inapokatwa tao lenye umbo la herufi C juu ya ekseli, kisha tao hilo likaimarishwa kwa sahani nene ya chuma iliyofungwa kwa bolti au kuchomelewa. Kukata chesisi kunatisha, na kutishe. Lakini pikapu iliyohamishwa ekseli bila kukatwa C ni kazi iliyoachwa nusu, hata ikipendeza namna gani ikiwa imeegeshwa.

C10 za kabla ya 1973 ni habari nyingine kwa sababu nyingi zina koili nyuma pia, zikiwa juu ya mikono mirefu inayotoka katikati ya chesisi. Koili fupi zinatosha, ila kuna fito moja inayosahaulika: ile ya Panhard, inayozuia ekseli isicheze kushoto na kulia. Ya kiwandani ni fupi, na chesisi ikishuka sana fito inabadili pembe na kuivuta ekseli upande. Ukimwona mtu ana tairi moja ya nyuma iliyozama na nyingine imechungulia nje, mwambie aangalie hapo kabla hajailaumu rimu.

Mengine hufuata kazi yenyewe. Shokapu za zamani ni ndefu mno kwa kimo kipya, zitafika mwisho kabla ya springi. Raba za kuzuia chuma kugonga chuma hupunguzwa au kubadilishwa, haziondolewi. Alaimenti ni lazima, wala si ya kusubiri mwezi ujao. Pembe ya difu na propela shafti ikiharibika, gari litatetemeka kwenye mwendo fulani na utapoteza siku nyingi ukibalansi tairi zisizo na kosa.

Mwisho wa kushuka uko wapi? Wajenzi waangalifu hutumia mstari wa kufikirika unaounganisha sehemu za chini kabisa za rimu: kitu chochote cha chesisi au suspensheni kisiwe chini ya mstari huo, ili tairi ikipasuka gari litue kwenye rimu, si kwenye mkono wa usukani. California iliwahi kuwa na sheria yenye wazo hilohilo, ikikataza gari kubadilishwa hadi sehemu yake yoyote iwe chini ya rimu. Sheria hiyo ndiyo iliyomfanya Ron Aguirre, mjenzi wa magari ya kurembwa, mwishoni mwa miaka ya 1950, aiwekee Corvette yake pampu za haidroliki ili aweze kuinyanyua akimwona askari. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwisho wa 2023. Mifuko ya hewa inayotumika leo chini ya pikapu nyingi inafuata mbinu ileile: chini unapoegesha, juu unapoendesha.

Ukiamua kushusha, pima kwanza. Usipime kutoka ardhini, maana ukibadilisha tairi kipimo kimekufa. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi lililo juu yake, kona zote nne, uandike. Springi zenye umri wa miaka hamsini zimekwishanywea zenyewe, pengine kona moja kuliko nyingine, na vifaa vilivyoandikwa nne kwa sita vimehesabiwa kutoka kimo cha kiwandani. Ukifunga koili mpya za kushushia mahali pa zilizochoka, gari linaweza kushuka inchi mbili tu badala ya nne, na muuzaji hajakudanganya.