Funguo za umma kwenye seva: yanayosadikiwa na yaliyo kweli

Ufunguo wa umma wa OpenPGP ndio unaotumia kumfungia mtu ujumbe kwa siri, na watu huuweka kwenye seva za funguo ili wengine waupate. Haya ndiyo yanayosemwa sana juu ya seva hizo.

"Nimeukuta ufunguo wenye jina lake kwenye seva, kwa hiyo ni wake."

Hapana, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Seva za zamani zinazotumia programu ya SKS hupokea ufunguo wowote kutoka kwa yeyote. Akitokea mtu akatengeneza ufunguo wenye jina lako na anwani yako, utapokelewa kama ulivyo. Seva ya keys.openpgp.org, iliyoanza Juni 2019, ina uangalifu zaidi: hutuma ujumbe kwenye anwani iliyo ndani ya ufunguo, na mpaka kiungo kibofywe, ufunguo hauonekani ukitafutwa kwa anwani hiyo. Lakini hilo linathibitisha tu kwamba aliyebofya aliweza kusoma barua za anwani ile. Mdukuzi aliyeingia kwenye sanduku la barua naye atabofya.

Cha kutegemea ni alama ya kidole ya ufunguo: tarakimu na herufi 40 kwa funguo za toleo la 4. Ukishaupakua kwa GnuPG, programu ya kusimamia funguo hizi ambayo amri yake ni `gpg`, andika `gpg --fingerprint` na anwani yake. Kisha mpigie mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, akusomee yake kutoka kwenye kompyuta yake, nne nne, hadi makundi yote 10 yalingane. Kumuuliza kwa baruapepe ileile hakusaidii kitu, maana anayeziingilia barua ndiye atakayekujibu.

"Tarakimu 8 za mwisho za alama ya kidole zinatosha."

Hizo, ziitwazo kitambulisho kifupi, ni biti 32 tu, yaani michanganyiko michache mno kwa kompyuta. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hutengeneza ufunguo mwingine wenye mwisho uleule ndani ya sekunde chache. Mwaka 2016 zilikutwa kwenye seva funguo bandia zenye kitambulisho kifupi sawa na cha Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Tafuta kwa alama nzima.

"Seva haikuuleta, basi hana ufunguo."

Huenda uko kwenye seva nyingine: seva za SKS hupeana funguo zenyewe kwa zenyewe, keys.openpgp.org haimo katika mzunguko huo, tena inataka anwani kamili, si kipande cha jina. Kuna na tatizo jingine: mwenyewe asipothibitisha anwani, ukitafuta kwa alama ya kidole unapewa ufunguo usio na jina, na GnuPG inakataa kuuingiza. Hapo hujakosea amri. Mwombe athibitishe, au akutumie faili. Jaribu pia `gpg --locate-external-keys` na anwani yake: GnuPG itauliza kwanza kwenye kikoa cha anwani yenyewe, yaani sehemu iliyo baada ya @.

"Nikiuchoka nitaufuta."

Kwenye SKS kilichoingia hakitoki. Kwenye keys.openpgp.org unaweza kuondoa anwani yako, ufunguo ukabaki bila jina. Dawa ni kuubatilisha, yaani kutangaza kwamba usitumike tena. Tangu toleo la 2.1, GnuPG huandaa cheti cha kubatilisha mara tu unapotengeneza ufunguo na kukihifadhi kwenye folda ya `openpgp-revocs.d`. Kabla ya kukiingiza, fungua faili ufute nukta pacha (:) iliyotangulia vistari vya kwanza. Imewekwa makusudi kuzuia ajali, na wengi hukwama hapo. Ingiza kwa `--import`, kisha sambaza kwa `--send-keys`. Nakili cheti hicho nje ya kompyuta na ukifiche, kwani atakayekipata anaweza kuua ufunguo wako.

"Nikishapakua nimemaliza."

Mwenzako akibatilisha ufunguo wake leo, nakala yako haitajua. Endesha `gpg --refresh-keys` mara kwa mara, hasa kabla ya kutuma jambo zito.