Kiraka cha Safari: Kabla Hujafunga, Jiulize Kitaachiaje

Mtu anayesafiri kesho alfajiri, na gari limeanza kuvuja leo jioni, huwa na swali moja tu: "Fundi, litafika?" Mimi humrudishia swali jingine: kiraka hicho kikiachia njiani, kitaachiaje? Kikiachia polepole, kikatoa dalili na kukupa nafasi ya kuegesha pembeni, tunaweza kuzungumza. Kikiachia ghafla uko kwenye mteremko, basi hakifai, hata kiwe kimefungwa kwa ustadi gani.

Kwa kipimo hicho hakuna kinachovumilia kiraka kama hozi ya rejeta, yaani bomba la mpira la maji ya injini, na ndiyo kazi ninayoletewa sana usiku wa kuamkia safari.

Maji ya injini hufanya kazi chini ya presha. Kifuniko cha rejeta huizuia presha hiyo mpaka ifike kama bar 1 juu ya hewa ya nje, na hapo hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Hozi iliyopasuka basi inasukumwa kutoka ndani, na maji ya moto, kwa saa zote utakazokuwa barabarani. Selotepu ya umeme haiwezi kazi hiyo. Gundi yake hulainika kwa joto, utepe ukateleza, na maji yakaanza tena kama vile hukufanya kitu.

Tazama kwanza ufa uko wapi. Ukiwa kwenye ncha, karibu na klipu, huhitaji kiraka kabisa. Legeza klipu, kata kile kipande kilichooza kwa kisu kikali, kwangua kutu kwenye mdomo wa bomba, rudisha hozi na ukaze. Hozi nyingi zina sentimita 2 za ziada. Ila ikikulazimu kuivuta ndipo ifike, acha. Injini hucheza kidogo kila unapokanyaga mafuta, na hozi iliyobana itachomoka.

Ufa ukiwa katikati, tafuta utepe wa silikoni, ule usio na gundi ambao hujishika wenyewe kwa wenyewe. Subiri injini ipoe. Bana hozi ya juu kwa vidole. Ikiwa bado imejaa presha, usiguse kifuniko, mvuke wake unaunguza vibaya. Punguza maji mpaka yashuke chini ya ufa, kisha futa mafuta na vumbi hozi iwe kavu. Anza kufunga sentimita 5 kabla ya ufa, kwenye mpira mzima. Vuta utepe mpaka urefu wake uongezeke maradufu au zaidi, na kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Vuka ufa, nenda sentimita 5 mbele, kisha rudi ulikotoka. Wengi huuzungusha taratibu kama wanaofunga bandeji kwenye kidole cha mtoto. Utepe usiovutwa haushikani, na maji hupata njia katikati ya tabaka. Mimi huongeza klipu mbili, moja kila upande wa ufa. Juu ya ufa wenyewe siweki, maana klipu inaweza kuukata zaidi.

Sasa lijaribu, kwa sababu tofauti yako na aliyekwama porini ni kwamba wewe bado uko nyumbani. Acha injini ipate moto hadi feni iwake na kuzima, kisha zunguka nusu saa, na ukipata kilima kipande. Ukirudi zima, weka kadibodi safi chini, usiondoke. Dakika chache baada ya kuzima, maji hayazunguki tena lakini chuma bado kina moto, kwa hiyo joto la maji hupanda. Kiraka dhaifu huanza kudondosha hapo hapo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia usawa wa maji tena.

Kuna ujanja wa zamani wa kulegeza kifuniko ili presha ishuke na kiraka kipumzike. Unafanya kazi, lakini kwenye barabara tambarare na mwendo wa pole. Bila presha maji huchemka kwenye nyuzi 100, na ukipanda hadi mita 2,000 huchemka kwenye 93 hivi. Thamostati, yaani kilango kinachoyaachia maji ya moto yaende kwenye rejeta, nyingi hufunguka kati ya 82 na 90, na feni ya umeme mara nyingi husubiri joto lizidi hapo ndipo iwake. Kwenye magari mengi maana yake ni kwamba mlimani maji yatachemka kabla feni haijaamka. Kwa njia ya milima siushauri.

Ukiwa barabarani usiutegemee mshale wa joto peke yake. Kwenye magari mengi ya kisasa umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka, na maji yakiisha kabisa sensa hubaki hewani na inaweza kukudanganya. Jaribio langu ni hita. Iwashe, ikianza kupuliza baridi wakati injini ina moto, maji yamepungua. Simama. Usimwage maji baridi kwenye injini inayochemka, silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inaweza kupasuka. Na kama injini inazidi joto mlimani huku maji yapo, hita hiyo hiyo ikifunguliwa mwisho hupunguza moto kidogo. Mtaloa jasho, lakini mtafika.

Kuhusu yai bichi na pilipili ndani ya rejeta: huenda vikaziba tundu, lakini huziba pia vijia vyembamba vya hita, na kuvisafisha ni kazi kubwa kuliko hozi.

Mengine ni mepesi. Bampa funga kwa tai za plastiki. Ekzosi iliyoning'inia ifunge kwa waya wa chuma, usitumie kamba wala plastiki. Ikiwa imetoboka chini ya miguu ya abiria, hiyo si kazi ya kelele tena: moshi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Fyuzi ikiungua, azima yenye ampea zile zile kutoka kwenye redio, na usiweke waya au karatasi ya foili mahali pake. Tundu la tairi huzibwa kwenye uso unaokanyaga barabara tu, ubavuni halizibwi.

Kwenye breki, usukani na petroli simfungii mtu kiraka. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya paipu huweza kupita bar 100, na hakuna utepe wa kuizuia. Petroli kwenye injini za sindano, zile zinazopuliziwa mafuta kwa nozeli, husukumwa kwa bar 3 au zaidi, jirani na ekzosi yenye moto. Tai rodi, chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, ikilegea haikupi dalili ya pili. Hapo naomba funguo, safari iahirishwe au likodiwe gari lingine.

Ukirudi na kiraka chako kizima, nunua hozi ya juu na ya chini pamoja na klipu mpya, kwa sababu zina umri mmoja. Maji uliyoongeza njiani yameshaizimua kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, kwa hiyo mwaga yote ujaze upya.