Daftari la dalili ni nini?

Daftari la dalili ni kumbukumbu fupi anayoiandika kila siku mtu anayeishi na sonona, bipola (ugonjwa wa moyo kuzama kwenye sonona na wakati mwingine kuchangamka kupita kiasi) au ugonjwa mwingine wa akili: amelala kwa saa ngapi, moyo ulikuwaje, amekunywa dawa gani, kiasi gani, na lipi limemtokea. Mstari mmoja unatosha. Hali ya moyo huandikwa kwa namba, tuseme kuanzia hasi 3, siku ya kushindwa hata kuamka, hadi chanya 3, siku ya kuchangamka kupita kiasi. Sifuri ni siku ya kawaida.

Daktari akikuuliza umeendeleaje mwezi huu, utamjibu kwa jinsi unavyojisikia leo. Aliyezama kwenye sonona haoni kwamba kulikuwa na siku njema, na aliyechangamka mno huapa kwamba hajawahi kuwa mzima kama sasa. Na siku zenyewe zina uzito: sonona hupimwa kwa dalili zilizodumu angalau wiki 2, na mania, yaani huko kuchangamka kupita kiasi, kwa kawaida siku 7. Nani anazikumbuka moja moja?

Daktari wa akili Mjerumani, Emil Kraepelin, alichora chati za miaka mingi za wagonjwa wake. Baadaye daktari wa akili Robert Post na wenzake nchini Marekani waliandaa chati ambayo mgonjwa huijaza mwenyewe kila siku, dawa zikionekana sambamba na hali ya moyo.

Hapo kwenye dawa ndipo daftari linapookoa watu. Fluoksetini, dawa ya sonona, huweza kuchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla nafuu haijaonekana, lakini kichefuchefu huja siku za mwanzo. Wengi huacha hapo hapo, wakidhani dawa imewakataa. Kwa mwenye bipola, dawa ya sonona inaweza kumsukuma kwenye mania, na dalili ya mapema mara nyingi ni usingizi: jana amelala kwa saa 7, leo kwa saa 4, na hachoki. Anayetumia lithiamu, dawa ya bipola, aandike pia kuharisha, kutapika na dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa sababu hivyo hupandisha kiwango cha lithiamu kwenye damu hadi kuwa sumu. Mikono ikitetemeka sana au akiyumba, aende hospitali.

Andika na dozi uliyoruka. Najua watu huficha wakiogopa kugombezwa, lakini daktari asiyejua anaweza kuongeza dawa ambayo hata hainywewi.

Jaza mara moja kwa siku, kabla ya kulala. Mwenye wasiwasi akijipima kila saa huzidi kuhangaika. Ukimwamini dada au mwenzi wako, mpe nafasi aandike anachokiona, maana mania huonekana kwa wengine kwanza.

Mawazo ya kujiua yakijitokeza, usiyaandike tu ukasubiri tarehe ya kliniki. Mwambie aliye karibu nawe, akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.