Je, wajua kwa nini tabibu wa Kichina angekuondolea juisi ya barafu mezani?

Mkahawani Lamu, upande wa baharini, niliagiza biriani na bilauri ya juisi ya embe iliyojaa barafu. Mzee wa meza ya pili akanitazama, akacheka: "Mwanangu, wala au wazima moto?" Yeye akamalizia chakula chake kwa kikombe cha kahawa ya tangawizi.

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe matabibu wa kale wa China wangemuunga mkono.

Kwao tumbo ni chungu. Chakula ulichokipika jikoni huiva tena humo ndani, na moto wake hutokana na wengu. Ukikimwagia barafu, moto hufifia na chungu hakichemki: tumbo hujaa gesi, mwili huwa mzito, choo huwa laini. Aliyeikuza sana fikra hii ni tabibu Li Dongyuan (1180–1251). Wamongolia walipouzingira mji wa Kaifeng mwaka 1232, watu walikufa kwa wingi, naye akaona kwamba njaa, hofu na uchovu ndivyo vilivyowavunja matumbo kwanza. Akaandika kitabu kizima juu ya wengu na tumbo.

Tena baridi wanayoisema si ya friji peke yake. Tango lina baridi, tikiti lina baridi, hata kaa aliyetoka jikoni akifuka moshi huhesabiwa wa baridi. Ndiyo sababu Wachina humla kwa tangawizi na siki. Huku pwani nasi tuna vyakula vya moto na vya baridi, ila hesabu yetu ilipitia kwa Waarabu, kutoka tiba ya Kiyunani. Ni kweli mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya mfalme Yongle wa China, yenye tundu la mraba katikati, imepatikana Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Lakini sarafu si cheti cha daktari. Nisingesema mabaharia walituachia na mapishi.

Hospitali husemaje? Wengu hausagi chakula. Kazi yake ni kuchuja damu na kusaidia kinga ya mwili. Maji baridi nayo hupata joto tumboni baada ya muda mfupi, na kwa mtu mzima wa afya hayana madhara makubwa. Hapo mzee kashindwa. Kwenye tangawizi kashinda: tafiti zimeonyesha kuwa hupunguza kichefuchefu na huweza kuharakisha chakula kutoka tumboni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuzidisha.

Wachina pia husema mtu ashibe sehemu saba katika kumi. Sisi tuna hadithi ya Mtume kuhusu theluthi tatu: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Jambo hili halina mabishano, kwani habari ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo, na anayekula mbiombio huwa ameshapitiliza. Kutafuna taratibu nako kuna faida, maana mate huanza kuvunja wanga wa wali ukiwa bado mdomoni.

Juisi ya embe sijaiacha. Siku hizi huinywa alasiri, biriani ikishashuka, na mzee yule bado hucheka.