Wiki ya sita: mahali pa kuanzia ukitangaza saluni Nairobi

Wenye saluni huniuliza zaidi swali hili: nilipie tangazo la pesa ngapi kule Instagram? Kabla ya kulijibu huwa nauliza langu. Ni kina nani walisukwa kwako wiki sita zilizopita, na namba zao ziko wapi? Mara nyingi ziko kwenye simu ya msusi. Siku msusi huyo akihamia saluni ya ghorofa ya juu, wateja wanapanda ngazi naye.

Nywele zina kalenda yake. Matuta hudumu wiki mbili, tatu yakivumiliwa. Retachi ya dredi, yaani kusokota upya mizizi, hudaiwa kila wiki nne hadi sita. Knotless, zile suka zisizo na fundo mwanzoni, hufika wiki sita hadi nane kabla mizizi haijaanza kumwaibisha mwenyewe. Dawa ya kulainisha nywele hurudiwa baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Muuza viatu hawezi kujua kiatu kitachakaa lini. Wewe tarehe unaijua siku ile ile mteja anapoinuka kitini. Kwa hivyo shilingi ya kwanza ya matangazo iende kwenye daftari na laini ya simu ya saluni.

Laini isajiliwe kwa jina la mwenye biashara na simu isitoke dukani. Weka WhatsApp Business, ni ya bure. Kwenye daftari andika tarehe, jina analopenda kuitwa, namba, mtindo na urefu, rangi na idadi ya pakiti za nywele, msusi, bei, kama amekubali kupigwa picha, na mwisho tarehe ya kumtafuta. Usitegemee ujumbe wa malipo wa Till ya M-Pesa kukupa namba, maana siku hizi huficha sehemu ya tarakimu. Muulize akiwa bado anajitazama kwenye kioo: "Nikuandike nikukumbushe wakati wa kufumua?" Mtumie ujumbe mfupi hapo hapo, naye ahifadhi namba yako kabla hajatoka. Hilo la kuhifadhi si adabu tu. Orodha ya kutuma kwa wengi ya WhatsApp hubeba watu 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo sababu watu hutuma kwa mia mbili, wakajibiwa na wanne, halafu wakalaumu mtandao.

Ujumbe wa kukumbusha uandikwe hivi:

"Habari Mama Shiru. Ni saluni ya hapa stejini. Knotless zako za 1B zinafikisha wiki sita Alhamisi hii. Ukitaka kufumua na kuoshwa, Jumanne na Jumatano asubuhi tuna nafasi. Nikuwekee saa tatu?"

Umetaja mtindo wake, umetaja rangi (hiyo 1B), na umemalizia na swali ambalo jibu lake ni neno moja. Ukimwandikia "Wapendwa wateja, karibuni tunasuka nywele za aina zote", umemwandikia kila mtu na hakuna atakayejibu.

Picha

Hapa ndipo kazi nzuri huuawa. Saluni nyingi za mjini ziko ndani ya vistoli visivyo na dirisha, na taa ya mrija iliyo juu ya kichwa hung'arisha mafuta ya ngozi mpaka mistari iliyogawanywa kwa uangalifu isionekane. Mpeleke mteja mlangoni au kwenye korido yenye mwanga wa nje. Ikiwa haiwezekani, taa ya duara iwekwe ubavuni mwake, isiwe usoni. Pangusa lensi ya simu kwanza. Mkono wa msusi una jeli muda wote, na ule ukungu kwenye picha unaodhani ni ubovu wa simu ni alama ya kidole. Toa taulo shingoni, okota vipande vya nywele mabegani, na hakikisha kioo kilicho nyuma hakionyeshi beseni wala mtu anayekula chapati.

Piga nne: mistari ya utosini kwa karibu, mgongo mzima hadi ncha zilizochovywa maji moto, ubavu unaoonyesha ukingo wa paji, na moja ya shingo, kwa sababu shingo ndipo msusi aliyechoka huharakisha, na mteja mzoefu hutazama hapo kwanza. Ukiona vipele vyeupe ukingoni mwa paji, usiiweke hiyo picha. Inatangaza kwamba mnavuta nywele kupita kiasi. Afadhali muanze kulegeza mkono.

Picha ambayo karibu hakuna anayeweka ni ya wiki ya tatu. Mwombe mteja akutumie mwenyewe. Siku ya kwanza kila suka hupendeza. Mtu anayetoa 2,500 anataka kujua itakaaje baada ya kulala na kitambaa, kubanwa kwenye matatu na kunyeshewa mara mbili. Na picha za kazi za wengine kutoka Pinterest ziacheni jamani. Zinatambulika, na mteja akija akakuta mkono tofauti hatarudi.

Idhini nayo ni lazima. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Uliza kabla ya kupiga, na uandike jibu daftarini: "uso sawa", "mgongo tu" au "hapana". Kwa mtoto, mzazi ndiye anayekubali.

Kwenye status ya WhatsApp weka picha tatu au nne kwa siku. Ukiweka ishirini, vile vistari vya juu vinageuka vidoti, na mtu akiona vidoti anapita. Status hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo muda una maana: alfajiri watu wakiwa kwenye matatu, mchana wa chakula, na usiku baada ya saa mbili.

Bei iandikwe

"Njoo inbox nikupe bei" ni tabia ya kufukuza wateja. Mtu wa Nairobi akiona hivyo hufikiri bei inategemea atakavyoonekana. Andika bei kwa urefu, mabegani, mgongoni na kiunoni, na kwa unene. Kisha jibu yale maswali mawili yanayoulizwa kila siku: bei ni na nywele au bila? Nitakaa saa ngapi? Pale Kenyatta Market wasusi watatu au wanne hushika kichwa kimoja na mteja akaondoka mapema. Ukiwa na msusi mmoja na knotless ndogo zinakula saa saba, useme saa saba. Atakayekuja amejipanga na hatanung'unika ikifika jioni.

Punguzo ndilo hunifanya nigombane na watu. Tuseme suka ni 2,500. Nywele pakiti tano kwa 120 ni 600. Msusi anachukua asilimia 40, yaani 1,000. Kodi, stima, maji na vibali tuvipe 500 kwa kichwa. Umebaki na 400. Sasa tangaza punguzo la asilimia 20: mteja analipa 2,000, msusi anapata 800, nywele ni zile zile 600, gharama ni zile zile 500. Umebaki na 100. Unahitaji vichwa vinne kupata ulichokuwa ukipata kwa kimoja, na msusi aliyekatwa 200 atagawanya nywele kwa mistari mikubwa ili amalize haraka. Wiki ya pili suka linateleza, na mteja analalamika kwa wenzake. Ukiamua kumlipa msusi kwa bei ya zamani, kila kichwa kinakula 100 mfukoni mwako.

Badala yake toa kitu ambacho kwako ni rahisi na kwa mteja kina thamani, tena siku ambayo viti vimelala. Kuoshwa na kuwekwa tritimenti bure kwa atakayesuka Jumanne au Jumatano kunakugharimu dawa na maji ya kama 150, ilhali yeye angelipa 500. Ijumaa hadi Jumapili na mwisho wa mwezi usitoe chochote. Siku hizo chukua malipo ya awali ya 500 kwenye Till, maana aliyeweka nafasi kwa mdomo tu hupotea mvua ikinyesha.

Ramani ya Google ni bure na haihitaji maneno mengi. Weka saa halisi za kufungua, namba, na picha ya mlango wa jengo ukiwa umesimama barabarani. Pini ya ramani huishia kwenye lami. Haijui kwamba uko ghorofa ya pili, chumba cha 14, baada ya fundi wa simu, kwa hiyo andika hayo kwenye maelezo. Omba maoni, lakini usimpe mtu punguzo ili akuandikie, maana Google hukataza.

Sasa lile tangazo la kulipia la Instagram. Lisilipiwe kabla daftari halijafikisha miezi miwili na picha nzuri hazijafika ishirini. Kosa kubwa ni kuacha eneo likiwa Kenya nzima: unalipia "likes" kutoka Eldoret na kiti chako cha mtaa wa Umoja kiko wazi. Weka pini saluni, duara liwe kilomita mbili au tatu, na lengo liwe ujumbe wa WhatsApp, si wafuasi. Kwenye wasifu wako wa Instagram weka kiungo cha wa.me/254 kikifuatwa na namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Wengi huibakiza ile sifuri, na kiungo hakifunguki. Shilingi 300 kwa siku kwa siku tano, Jumapili hadi Alhamisi, zinatosha kupima. Kila anayekuja muulize ametuona wapi, uandike.

Desemba usilipie kitu. Kuanzia katikati ya mwezi hadi tarehe 24 viti vimejaa watu wa kusafiri ushago, na tangazo litakuletea tu watu wa kuwarudisha. Kazi ya mwezi huo ni kuandika namba bila kuruka hata moja, hata foleni ikifika ngazini. Wiki za kwanza za Njaanuari uza kazi za bei ndogo: matuta ya wasichana wanaorudi shule, na kufumua. Aliyesukwa tarehe 20 Desemba anafikisha wiki sita tarehe 31 Januari, mshahara ukiwa umeingia. Ujumbe wake umfikie tarehe 29.